Ukiziba usiwashe, ukiwasha usizibe

Joto la ziada katika chumba kidogo wakati wa kipupwe

Na Mwandishi Wetu

KIPUPWE kinapobisha hodi, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, mkazi wa Dar es Salaam hufurahi. Jasho hupungua, feni huzimwa, na shuka iliyokuwa imekunjwa kabatini hutolewa. Lakini ndugu yake aliyeko Njombe, Makete, Mbeya, Mufindi au Lushoto hana furaha hiyo. Kwake yeye kipupwe ni upepo unaopenya chini ya mlango, ni bati linalodondosha matone ya umande alfajiri, ni watoto wanaokohoa na kugombea blanketi. Usiku mwingi wa miezi hiyo joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi, na katika nyanda za Kitulo, zilizo juu kiasi cha meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, sakitu huyafunika majani yakawa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi.

Katika hali hiyo si ajabu mzazi kufikiri jambo moja la haraka: jiko la mkaa lililomaliza kupika chakula cha jioni bado lina makaa mekundu; kwa nini lipoe bure uani? Huliingiza chumbani, hufunga mlango, hutia kitambaa chini yake ili upepo usiingie, na familia hulala.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu mlango huo uliofungwa. Kila mwaka wapo wanaolala namna hiyo wasiamke, na wengi wao hawakufanya uzembe wowote waliokuwa wakiujua. Walitaka joto tu.

USIKU MMOJA NJOMBE

Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa gharama ya usiku mmoja. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwenda Njombe kuhudhuria harusi ya jamaa. Nikapewa chumba kidogo cha uani, chenye dirisha moja la vioo na mlango mzuri wa mbao uliokaa sawasawa katika fremu yake. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa heshima na mapenzi yake sitamsahau, alinitazama nilivyokuwa nikitetemeka akacheka.

“Mwanangu, wewe ni mtu wa Pwani. Usiku huu utaganda,” aliniambia. Kisha akaniletea jiko. “Chukua hili. Limeshakolea, halina moshi hata kidogo.”

Nilimshukuru kwa dhati. Baada ya robo saa chumba kilikuwa na joto la kupendeza. Nikalala.

Niliamka usiku wa manane kichwa kikigonga kama ngoma. Tumbo lilichafuka. Wazo langu la kwanza lilikuwa malaria, nikajilaumu kwa kutomeza dawa kabla ya safari. Nilitaka kunyanyuka ninywe maji, miguu ikakataa. Hapo ndipo nilipoogopa, lakini hata ule woga wenyewe ulikuwa mzito na wa mbali, kama woga wa mtu mwingine. Mkono wangu ulikigonga kikombe cha bati kilichokuwa juu ya kigoda, kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Mzee wa nyumba, aliyekuwa ametoka kwenda msalani, akasikia. Akaita, sikuweza kujibu. Akausukuma mlango.

Waliniburuta nje, wakanilaza kwenye nyasi zenye umande. Nilitapika. Baridi ile niliyokuwa nikiikimbia ndiyo iliyonirudishia fahamu. Mama wa watu alikuwa akilia huku akirudia neno moja: “Nilitaka apate joto tu.” Asubuhi, hospitalini, daktari hakunipima kwanza malaria. Aliniuliza swali moja: “Ulilala na jiko?”

GESI ISIYO NA DALILI

Maneno ya mama yule, “halina moshi hata kidogo,” yalikuwa kweli tupu. Na humo ndimo hatari ilimofichama. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kinachodhuru katika moto ni moshi, kwa sababu moshi huonekana, hukereketa koo na kuliza macho. Moto usio na moshi tunauita moto safi.

Mkaa unapowaka mahali penye hewa ya kutosha, kaboni iliyomo ndani yake huungana na oksijeni ikawa hewa ukaa. Lakini hewa inapokuwa haba, au makaa yanapofukuta chini ya majivu, sehemu ya kaboni hiyo huungana na oksijeni nusu nusu. Ndipo inapozaliwa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi pua. Mtu hawezi kuitambua kwa mlango wowote wa fahamu.

Inapoingia mapafuni hupita moja kwa moja hadi katika damu. Ndani ya damu mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kuibeba oksijeni kuipeleka kila pembe ya mwili. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Ni kama abiria mkorofi anayekikalia kiti katika basi asiteremke kila kituo. Oksijeni hubaki kituoni, na mwili hukosa pumzi ilhali mapafu yanaendelea kuvuta hewa kama kawaida. Ubongo na moyo, viungo vinavyotaka oksijeni nyingi kuliko vyote, ndivyo vinavyoanza kuzidiwa.

Siri hii si mpya. Mtaalamu wa Kifaransa, Claude Bernard, aliieleza katika mwaka 1857 namna gesi hii inavyoinyang’anya damu oksijeni. Katika mwaka 1895 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliivuta yeye mwenyewe kwa kipimo ili ajue inavyomwathiri binadamu. Yeye ndiye aliyeshauri wachimbaji wa makaa ya mawe wateremke mgodini na ndege wadogo ndani ya kizimba, kwa kuwa ndege huzidiwa mapema kuliko mtu. Uingereza iliendelea kuwatumia ndege hao hadi mwaka 1986, ilipotangazwa kwamba vifaa vya kisasa vingechukua nafasi yao.

Wala gesi hii haichagui tajiri wala maskini. Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alifariki chumbani kwake mjini Paris katika Septemba 1902, baada ya dohani ya moto wa chumba hicho kuziba. Mkewe, aliyelala chumba kimoja naye, aliponea chupuchupu.

NYUMBA YA BIBI NA NYUMBA YETU

Hapa msomaji aweza kuuliza: mbona bibi zetu walilala na moto katikati ya nyumba maisha yao yote, na wakazeeka?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika nyumba yenyewe. Nyumba ya bibi iliezekwa kwa nyasi. Moshi ulipanda ukapenya kati ya nyasi, na hewa mbaya ikapanda pamoja nao. Mlango wake ulikuwa wa mabanzi yenye nyufa. Moto wake ulikuwa wa kuni, na kuni humwonya mtu: zikikosa hewa hutoa moshi mwingi, aliyelala hukohoa, huamka, hutoka. Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Moshi ule uliwaumiza bibi zetu macho na vifua, na watoto wengi walipata maradhi ya mapafu kwa sababu yake.

Nyumba yetu ya leo ni ya matofali, imepigwa lipu, ina dari, na dirisha lake ni la vioo. Ni maendeleo mema, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini nyumba hiyo haipumui kama ile ya nyasi. Tumeichukua desturi ya nyumba inayovuja hewa tukaihamishia katika nyumba iliyofungwa kama kopo; tena tumeziacha kuni zinazoonya, tukachukua mkaa ulio kimya.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Tufanye hesabu ndogo, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Chukua chumba cha kupanga chenye urefu wa meta 3, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.5. Chumba hicho kina hewa ya lita 22,500.

Wataalamu wanatueleza kwamba kaboni monoksaidi ikifikia sehemu 2 katika kila sehemu 10,000 za hewa, mtu huumwa kichwa baada ya saa 2 au 3. Ikifikia sehemu 8, kizunguzungu na kichefuchefu huanza ndani ya dakika 45, na kifo chaweza kufuata baada ya saa 2 hadi 3. Ikifikia sehemu 16, saa moja yaweza kutosha kuua.

Sasa, sehemu 16 katika kila sehemu 10,000 za chumba chetu ni lita 36. Gesi hiyo haijazi ndoo mbili za lita 20. Kaboni inayohitajika kuifanya ni kiasi cha gramu 18 tu, yaani kiasi kinachopatikana katika kipande cha mkaa kisichozidi ukubwa wa yai la kuku. Ni kweli kwamba mkaa haugeuki wote kuwa gesi hiyo, na chumba hakikosi kabisa upenyo wa hewa. Lakini jiko linaloingizwa chumbani halina kipande kimoja. Lina kilo nzima, pengine zaidi, na lina usiku mzima wa kufukuta.

WANAOISHI NDANI YA MAGARI YA KUVUTWA

Tatizo la kukipasha joto chumba kidogo si letu peke yetu, na yafaa tutazame wenzetu wanavyolikabili. Huko Marekani na Kanada ziko nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa nyuma ya gari. Nyingi zilibuniwa kwa matembezi ya majira ya joto: ndani mna vitanda, jiko, beseni la kuoshea vyombo na choo, vyote katika nafasi isiyozidi vyumba viwili vyetu vya kupanga. Kuta zake ni nyembamba, aghalabu hazizidi sentimeta 5.

Lakini si wote wakaao humo walio watalii. Uchimbaji wa mafuta uliposhamiri katika jimbo la North Dakota, kuanzia kiasi cha mwaka 2008 hadi mwaka 2014, wafanyakazi kwa maelfu walimiminika katika mji wa Williston na vitongoji vyake. Nyumba hazikutosha na kodi zikapanda mno, na wengi walikaa katika magari hayo ya kuvutwa majira yote ya baridi. Januari ya huko si kipupwe chetu. Usiku wa kawaida ni nyuzi 15 na zaidi chini ya sifuri, na usiku mkali hupita nyuzi 30 chini ya sifuri.

Gari la namna hiyo huja na tanuru lake dogo la gesi ya mtungi. Lina jambo moja ambalo ndugu msomaji nakuomba ulishike vyema: moto wake hauishiriki hewa ya wenye nyumba. Unawaka ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa, unavuta hewa kutoka nje kwa bomba, na hewa yake chafu hutoka nje kwa bomba. Kinachoingia chumbani ni hewa safi iliyopita kando ya chuma cha moto, ikisukumwa na feni. Joto huingia ndani. Pumzi ya moto hubaki nje.

Tanuru hilo peke yake aghalabu halitoshi katika baridi kali, na feni yake hula betri. Hivyo wenye magari hayo hutafuta joto la nyongeza. Jambo la kufunza ni kwamba wajuzi wao hawaanzi na moto. Kwanza huzuia joto lisitoroke: huzungushia ubao au turubai nafasi iliyo chini ya gari ili upepo usipite chini ya sakafu, hufunika vioo kwa karatasi nzito zenye kung’aa, na huziba tundu la paa kwa mto wa sponji. Baada ya hayo ndipo huongeza hita ya umeme, ambayo kwa kawaida haizidi wati 1,500 kwa sababu nyaya zao hazibebi zaidi.

Wapo pia watumiao hita ndogo za gesi zinazowaka humo humo chumbani bila bomba. Hizo zina kifaa cha kuzima moto oksijeni inapopungua. Hata hivyo wenyewe huelekezwa kuacha upenyo wa dirisha, na wenye busara huzima kabla ya kulala. Gesi hiyo ina kasoro nyingine: kila kilo ya propani inayoungua hutoa mvuke unaozidi kilo moja na nusu ya maji, na maji hayo huishia kwenye kuta na magodoro. Juu ya yote hayo, karibu na kitanda huwekwa kengele inayopima kaboni monoksaidi na kulia inapozidi. Licha ya vifaa vyote hivyo, wapo wanaofariki humo, hasa walioingiza ndani jiko la mkaa la kuchomea nyama au jenereta.

Kutokana na uzoefu huo na wetu wenyewe twaweza kuipata kanuni moja ambayo mtoto wa shule aweza kuikariri: UKIZIBA USIWASHE, UKIWASHA USIZIBE. Maana yake ni kwamba chumba ulichokiziba kwa ajili ya kulala kisiwe na moto wa aina yoyote usiokuwa na dohani. Na ukiwa unapika au unaota moto mkiwa macho, mlango na dirisha viwe wazi. Kulala na jiko hakuruhusiwi hata kama dirisha liko wazi, maana aliyelala hajui upepo umegeuka wala dirisha limejifunga.

KWANZA LISHIKE JOTO ULILO NALO

Binadamu mwenyewe ni jiko. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la kiasi cha wati 70 hivi. Wazazi wawili na watoto wawili hutoa joto linalokaribia lile la taa mbili za zamani za wati 100, usiku kucha, bila mkaa. Swali ni je, joto hilo linakwenda wapi?

Kubwa huenda juu. Chumba chenye bati tupu hupoteza joto lake kupitia bati hilo, na ndiyo sababu alfajiri matone hudondoka. Mwenye uwezo na apige dari, hata ya mbao nyembamba. Asiye na uwezo aweza kutandaza turubai au maboksi yaliyokunjuliwa chini ya kenchi, mbali na taa na nyaya za umeme.

Jingine hupita dirishani. Kioo kimoja ni kinga hafifu. Pazia zito linalofika chini ya dirisha na kulalia ukutani pande zote husaidia sana. Mapazia mawili yenye nafasi kidogo katikati husaidia zaidi, kwa kuwa hewa iliyotulia ni blanketi.

La tatu huliwa na sakafu. Saruji hunyonya joto la aliyelala karibu nayo. Anayelala chini atandike mkeka, kisha maboksi au magunia makavu, ndipo godoro. Kosa la wengi ni kujifunika blanketi tatu juu na kuacha chini godoro jembamba peke yake.

Chini ya mlango weka kitambaa kilichoviringishwa na kushonwa kama mto mrefu, kikiwa na mchanga au vumbi la mbao ndani. Ila yale matundu ya hewa yaliyoachwa na fundi juu ya ukuta usiyazibe. Hata bila moto, watu wanne katika chumba kidogo wanahitaji hewa.

JOTO LA NYONGEZA LISILO NA HATARI HIYO

Baada ya kuziba, ndipo tuongeze joto. Njia ya kwanza ni rahisi kuliko zote: maji ya moto. Pika maji nje au jikoni, yaache yatulie yasiwe ya kutokota, yatie katika mpira wa maji moto au chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, viringisha kwa kanga au taulo, weka chini ya blanketi miguuni. Lita 2 za maji zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi nyuzi 35 hutoa joto linalolingana na wati 20 kwa muda wa saa 5 hivi. Joto hilo ni dogo kwa chumba, lakini kwa kitanda kilichofunikwa ni kubwa. Matofali au mawe makavu yaliyopashwa moto na kuzungushiwa kitambaa kizito hufanya kazi hiyo hiyo. Angalia tu chochote kati ya hivyo kisimguse mtoto mchanga wala mgonjwa asiyeweza kujisogeza, maana huunguza.

Njia ya pili ni hita ya umeme. Haitoi gesi, lakini ina masharti yake. Hita ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa. Iwashe saa moja kabla ya kulala, chumba kipate joto, kisha izime na uingie kitandani. Ichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani, si katika kebo nyembamba inayogawana na pasi na redio. Iwe mbali na pazia, godoro na nguo. Ukigusa plagi ukaiona ya moto, zima na umwite fundi.

Njia ya tatu ni ya mwenye nyumba yake: jiko la chuma au la matofali lenye dohani inayotoka nje juu ya paa. Hili ndilo tanuru letu la kushiriki joto bila kushiriki pumzi. Dohani isafishwe kabla ya kipupwe kuanza, kwa maana kiota cha ndege au masizi yaliyoziba huligeuza jiko jema kuwa jiko la hatari. Zola hakuwa na jiko la mkaa. Alikuwa na dohani iliyoziba.

IMANI ZISIZO NA UKWELI

Kuna imani zinazozunguka mitaani ambazo hapana budi tuziondoe.

Wapo wasemao kwamba beseni la maji likiwekwa kando ya jiko hunyonya gesi. Si kweli. Gesi hii huyeyuka katika maji kwa kiasi kidogo mno kisicho na faida.

Wapo wasemao kwamba makaa yakishakuwa mekundu yote hatari imekwisha. Si kweli. Makaa mekundu yasiyopata hewa ya kutosha, hata yaliyofunikwa majivu, ndiyo yanayoendelea kuitoa gesi hiyo polepole hadi asubuhi.

Wapo wasemao kwamba watasikia harufu au watakosa pumzi waamke. Si kweli. Gesi hii huongeza usingizi, haiukatizi.

Na wapo wanaomnywesha maziwa aliyezidiwa. Maziwa hayaondoi gesi iliyomo ndani ya damu, na mtu asiyejitambua akinyweshwa chochote aweza kupaliwa akafa.

UKIMKUTA MTU AMEZIDIWA

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu wa miguu na mawazo kuchanganyikiwa. Kwa kuwa zinafanana na za malaria au za kula chakula kibaya, wengi hudanganyika. Dalili yenye kuonya ni hii: watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wanapotoka nje hupata nafuu.

Ukikuta hali hiyo, fungua mlango na madirisha, vuta pumzi nje, ingia na umtoe mgonjwa haraka. Usikae ndani kumhoji wala kumvalisha. Mlaze mahali penye hewa safi, kwa ubavu kama anatapika, mfunike blanketi. Kama hapumui, msaidie kupumua ikiwa umefundishwa. Mwingine apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au atafute usafiri wa kwenda hospitali mara moja.

Ufikapo hospitali sema wazi: “Amelala na jiko.” Usione haya. Maneno hayo matatu humwokolea daktari muda mwingi. Katika hewa ya kawaida huchukua kiasi cha saa 4 hadi 6 kwa nusu ya gesi kutoka katika damu. Mgonjwa akipewa oksijeni safi muda huo hupungua ukakaribia saa moja na nusu. Mama mjamzito apelekwe hata kama anajiona mzima, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia zaidi na huchelewa kupona kuliko mama yake.

WAJIBU WETU

Wewe uliyepangisha vyumba katika miji ya baridi, angalia matundu ya hewa ya nyumba yako na uwaeleze wapangaji jambo hili siku ya kuwakabidhi ufunguo. Wewe mzazi unayempeleka mwanao shule au chuo cha nyanda za juu, mnunulie blanketi la pili na mpira wa maji moto kabla ya kumnunulia kitu kingine, na umwambie sababu. Na wewe uliyeko Dar es Salaam au Tanga, usijione umesalimika, kwa maana kesho utaitwa harusini au msibani huko, na mwenyeji wako kwa ukarimu wake atakuletea jiko. Lipokee kwa shukrani, ota moto mlango ukiwa wazi, kisha litoe nje kabla hujafumba macho.

Usiku wa pili kule Njombe nililala katika chumba kile kile. Mama mwenye nyumba alinitandikia maboksi chini ya godoro, akaniongezea blanketi la tatu, akaniletea chupa ya maji ya moto aliyoiviringisha kwa kanga yake mwenyewe. Jiko alilibeba akaliacha uani, mbali na dirisha. Kabla ya kuufunga mlango alisimama kidogo kizingitini.

“Nitakuja kukugongea usiku,” aliniambia. “Ukiona usumbufu nisamehe, mwanangu.”

Aligonga mara mbili. Mara zote mbili niliitika.